Jim Reeves akimshirikisha Baba

Januari mwaka jana nilinunua sidii kwa dola moja kwenye duka la mitumba, na kabla hujaniuliza nani bado ananunua sidii, gari langu ni Corolla ya 2006, haina bluetooth, ina redio na tundu la sidii basi. Nakaa nje kidogo ya Pittsburgh, kazi yangu ni ya usiku ghalani, asubuhi nikitoka huwa napitia lile duka kwa sababu ndani kuna joto na hakuna anayekuuliza unataka nini. Kule nyuma baada ya vikombe na fremu za picha kuna makreti ya sidii ambayo hayaguswi na mtu zaidi ya mimi na mzee mmoja wa kofia ya Steelers, timu ya hapa, tunatikisiana kichwa tu, mwaka wa tatu huu hatujawahi kuongea.

Sidii yenyewe imeandikwa NFL Country, ya 1996. Nikaigeuza nyuma nikasoma majina, nikarudia kusoma, nikaanza kucheka mwenyewe kama chizi. Yaani wamechukua waimbaji wa kantri, wakachukua wachezaji wa NFL, ile ligi yao ya futiboli ya kuvaa helmeti, wakawaingiza studio mtu na mwenzake, kolabo. Wewe fikiria mtu anaamka asubuhi anasema jamani nina wazo, tumchukue Khadija Kopa tumuweke na beki wa kati wa Simba, na usidhani ni wimbo wa kampeni ya malaria, ni albamu ya kuuza dukani kabisa. Dola moja nikalipa. Kwa kile kicheko tu ilikuwa imeshajilipa.

Majina mawili ndo yalinifanya nisiirudishe kwenye kreti: Glen Campbell na Terry Bradshaw, wimbo mmoja, pamoja. Glen Campbell nilikuwa namjua toka Moshi, kwenye kaseti za baba. Terry Bradshaw sasa, huyo ukikaa mji huu hata kama futiboli huijui utamjua tu utake usitake. Alikuwa kotabeki wa Steelers, yule mtu anayesimama nyuma ya ukuta wa majitu na mpira mkononi, ana sekunde kama tatu za kutafuta wa kumrushia kabla hajakanyagwa. Alibeba Super Bowl, ile fainali kuu ya ligi, mara nne ndani ya misimu sita, 1975, 1976, 1979 na 1980. Hapa kila kitu ni nyeusi na njano kwa ajili ya timu, ya besiboli nayo nyeusi na njano, ya hoki nayo hivyo hivyo, na kuna kitaulo cha njano wanakizungusha hewani uwanjani toka 1975, mabibi wa miaka themanini wanacho. Mi ni Simba wa kuzaliwa. Mungu ana utani sana kunileta mji wa njano.

Basi nikawasha gari, kioo kimeganda barafu, nikawa nasubiri hita iyeyushe huku sidii inazunguka.

Glen Campbell ni fundi, hilo halina mjadala. Kabla hajawa staa alikuwa mpiga gitaa wa studio kule Los Angeles, mmoja wa wale watu waliopiga kwenye rekodi za mastaa kibao na jina lao halipo popote kwenye kava, kwahiyo akiimba hana haraka, anakaa kwenye noti kama kuku kwenye mayai yake. Halafu anaingia Terry. Na sauti yake si mbaya! Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka nikakosa pa kuchekea. Ila unasikia kabisa anafanya kazi. Ni kama wanaume wawili wanahamisha kabati, mmoja ndo shughuli yake ya kila siku, mwingine ni jirani kaitwa aje asaidie. Kabati linafika. Ila jirani anahema.

Kuna kitu kikawa kinanikereketa kwenye ule mchanganyiko, sauti moja laini imetulia na nyingine pembeni inaisukuma, nikajua hii nimeshawahi kuisikia mahali ila wapi sipati. Nikaurudia mara tatu. Barafu ikaisha kioo chote kikawa safi na mi bado nipo paking.

Nikalala nikaamka nikaanza kuchimba, na nikianza kuchimba mimi siachi.

Kwanza kwanini 1996. Miaka ile kantri ilikuwa na hela za kumwaga. Zamani Billboard, lile jarida la muziki, walikuwa wanapanga chati kwa kupiga simu madukani, wanamuuliza kijana wa kaunta wiki hii mmeuza nini sana, na kijana anajibu anavyojisikia. Mei 1991 wakaanza kuhesabu kwa mashine, kila kava inayopita kaunta inapigwa mlio, na ndo ikaonekana kumbe watu wananunua kantri kuliko walivyokuwa wanasema. Septemba hiyo hiyo Garth Brooks akaingiza albamu moja kwa moja namba moja kwenye chati kubwa ya watu wote, hakuna albamu ya kantri iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Na NFL wenyewe walishaanza kuchumbiana na kantri, toka 1989 mechi ya Jumatatu usiku ilikuwa inafunguliwa na Hank Williams Jr., halafu Januari 1994 mapumziko ya Super Bowl pale Atlanta yakawa kantri tupu, Clint Black, Tanya Tucker, Travis Tritt na The Judds, mwaka mmoja tu baada ya Michael Jackson kusimama jukwaa hilo hilo. Kwahiyo mtu aliyekuja na wazo la albamu hakuwa kichaa. Alikuwa anaangalia hela mbili zimesimama karibu karibu akataka zisalimiane.

Wenzao wa kikapu walienda hiphop. Shaq alitoa albamu 1993 ikauza platinamu, acha utani, na 1994 ikatoka nyingine ya pamoja, B-Ball's Best Kept Secret, humo unamkuta Jason Kidd anachana, Gary Payton anachana, na utetezi wangu kwa hiyo ni mfupi tu, wachezaji wa kikapu wa miaka ile walikuwa watoto wa mtaa ule ule wa hiphop, hawakwenda ugenini. Na kabla ya wote kuna Chicago Bears wa 1985, timu ya futiboli, walioimba wimbo wa kwenda Super Bowl wakati hata hawajafuzu, tena video waliipiga siku moja baada ya kufungwa na Miami, mechi pekee waliyopoteza msimu ule. Roho ngumu namna hiyo! Wakaenda wakashinda 46 kwa 10. Wangepoteza ile video ingewasumbua mpaka kaburini.

Kwetu jambo hili limekaa tofauti kidogo, mwanasoka anatajwa, haimbi. Wakongo ndo mabingwa, kwenye muziki wao kuna kurusha mabanga, mwimbaji anaita jina lako katikati ya sebene na wewe upo zako Ulaya unacheza mpira unasikia jina lako, unafungua pochi. Kila mtu kabaki kwenye kazi yake. Nadhani tulikuwa na akili.

Lakini nilipofika kwa Bradshaw mwenyewe ndo nikagundua huyu hakuokotwa tu kwa sababu ya jina. Miaka 20 kabla ya ile kolabo, 1976, akiwa bado anacheza, ametoka kubeba la pili, alikuwa na albamu yake ya kantri chini ya lebo ya Mercury, na wimbo uliobeba jina la albamu ulifika namba 17 kwenye chati ya kantri. Namba 17 si mchezo, kuna watu Nashville, mji wenyewe wa kantri, wamefanya kazi hii maisha yao yote hawajaiona hiyo. Wimbo wenyewe ni wa Hank Williams mkubwa, baba wa yule Jr. wa Jumatatu usiku, ule wa upweke wa kutaka kulia. Sasa sikia. Bradshaw kazaliwa Shreveport, Louisiana, tarehe 2 Septemba 1948. Hank Williams alifika Shreveport Agosti 1948, mwezi mmoja kabla, kuja kuimba kwenye Louisiana Hayride, kipindi cha Jumamosi usiku cha redio KWKH kilichokuwa kinarushwa laivu ukumbini mbele ya watu. Mtoto kazaliwa mji ambao Hank anaimba kila Jumamosi. Mi siamini sana mambo ya nyota ila hapo nilisimama kidogo.

Na kuna lingine la Bradshaw nalipenda. Watu walikuwa wanamuona mjinga, kwa sababu ya lafudhi, mtu wa kusini anavuta maneno. Kabla ya fainali ya 1979 mchezaji mmoja wa Dallas alitamba mbele ya waandishi kwamba Bradshaw hawezi kuandika neno paka la kwao, ambalo lina herufi tatu, hata akipewa mbili kati ya hizo. Nchi nzima ikacheka. Jumapili Bradshaw akarusha pasi nne za kufunga, 35 kwa 31, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikawa yake. Mpira una raha hiyo, unajibu palepale ubao unasomeka.

Kuimba sasa ubao uko wapi? Hapo ndo penye ugomvi wangu na hizi albamu. Angalia mtu akienda upande wa pili. Garth Brooks yule yule wa namba moja, aliyekuwa anarusha mkuki chuoni Oklahoma, 1999 alienda kufanya mazoezi ya kabla ya msimu na San Diego Padres, besiboli, na akapewa mechi za kirafiki. Alisimama kupiga mara 22 akapata moja. Moja! Staa mkubwa kuliko wote nchini, uwanja umejaa watu wanaompenda, na hakuna hata mmoja anayeweza kumsaidia, mpira unakuja unapita. Halafu mchezaji akienda studio kila mtu anamsaidia, prodyuza anamsogezea, Glen anapunguza gia, na sisi wasikilizaji tunasema jamani kajitahidi. Kajitahidi ni neno baya sana kwa mwanamichezo. Hajawahi kuambiwa hivyo akashukuru.

Kuna mmoja tu aliyekataa kusogezewa, Mike Reid. Huyu alikuwa mtu wa ulinzi wa Cincinnati Bengals, jitu la katikati, kazi yake kumkamata mtu kama Bradshaw na kumlaza chini, na chuoni Penn State alisomea muziki. Muziki! Akachaguliwa mara mbili mechi ya mastaa, msimu wa 1974 ulipoisha akaacha mpira ana miaka 27, akafuata piano. Baadae akahamia Nashville, akaandika nyimbo za watu, Grammy akapata kwa wimbo alioandikiwa Ronnie Milsap, na 1991 mwenyewe akaimba wimbo ukafika namba moja kwenye kantri. Mwaka huo huo Bonnie Raitt akatoa ule wimbo wa siwezi kukulazimisha unipende, Reid kaandika na Allen Shamblin, na mi naamini hata wewe unayesoma hapa umewahi kuusikia kwenye harusi ambayo wimbo huo haukutakiwa kupigwa kabisa. Huyo hakuna aliyemwita kwenye kolabo kwa sababu ya jezi.

Sasa nikirudi Shreveport. Nilikuwa nasoma historia ya ile redio, KWKH, nani na nani wamepitia pale, Hank, Elvis kijana wa 1954, nikakutana na mtangazaji mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kazi yake kuwaita wasanii jukwaani, siku moja akaimba mwenyewe, na mwisho akawa mwimbaji.

Jim Reeves.

Nikaendelea kusoma. Kabla ya redio alikuwa mchezaji wa besiboli. Mrushaji. Alisajiliwa 1944 kwenye timu za chini za St. Louis Cardinals, kacheza kama miaka mitatu, siku moja anarusha mpira mshipa wa fahamu wa mguu ukakatika, ule mkubwa unaotoka nyongani, mpira ukaishia hapo. Nikaweka simu chini mezani.

Ngoja nieleze baba yangu ni nani kwenye hili.

Baba alikuwa golikipa wa timu ya kiwanda, Moshi, miaka ya sabini mwishoni. Daraja la mkoa huko, usimtafute kwenye vitabu. Goti likaondoka kwenye mechi ambayo mpaka leo anasema haikuwa hata na maana, wakampa kazi ya stoo kwenye kiwanda hicho hicho akakaa mpaka kikafungwa. Na toka nimepata akili, kila Jumapili jioni, baba anakaa barazani na viatu vya familia nzima vimepangwa mstari, kopo la kiwi, brashi mbili, na redio kaseti. Kaseti ilikuwa ya kurekodiwa, haina kava, imeandikwa kwa kalamu upande A JIM upande B CHALI. Ikitanuka anaitoa, anachomeka penseli, anaizungusha taratibu kama mtu anayefunga jeraha, anairudisha.

Na anaimba. Jamani. Jim Reeves alikuwa anaimba mdomo umekaribia kugusa maiki, ndo siri yake ile, sauti ya chini kabisa isiyosukumwa, kama mtu anakunong'oneza habari nzuri. Baba haiwezi ile sauti. Haijawahi kuwa yake. Ila kila wimbo ukikaribia noti ya chini unaona brashi inapunguza mwendo, kidevu kinashuka mpaka kifuani, macho yanafumba, halafu inatoka sauti kama jiwe linasogezwa. Kiingereza nacho ni cha kwake, kuna maneno kayatunga mwenyewe ambayo saivi nikisikia Jim akiimba yale ya kweli naona Jim ndo kakosea. Mama anapaza sauti kutoka jikoni: "We baba watoto, mwache mwenzio aimbe!" Na baba bila kufumbua macho: "Tunaimba wote."

Hiyo ndo iliyokuwa inanikereketa kule paking. Glen na Terry ni Jim na baba. Mimi kantri sijawahi kuisikia ya mtu mmoja, toka utoto wangu fundi anaimba na pembeni yake kuna mwanamichezo mstaafu anahema na kabati. Mpaka leo nikipiga Jim Reeves peke yake kwenye simu nasikia kama kuna mtu kachelewa kuja.

Na Jim mwenyewe ni mzoefu wa kushirikishwa bila kuulizwa. Alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, mwenyewe ndo alikuwa anarusha, ana miaka 40. Mkewe Mary akaendelea kutoa nyimbo zilizobaki mwaka hadi mwaka, ndo maana huku kwetu watu wengi hawakujua kama kafa, baba kaambiwa na dereva wa lori wa Kenya miaka ya themanini mwishoni na hakumwamini, alisema huyu mtu mbona kila Krismasi yupo. Mwishoni mwa miaka ya sabini wakachukua rekodi zake wakampachika Deborah Allen anaimba naye, na mwaka 1981 wakafanya kubwa kuliko, wakamuunganisha na Patsy Cline, ambaye naye alikufa kwa ajali ya ndege 1963. Watu wawili marehemu, kila mmoja alirekodi kivyake, mafundi wakakata utepe wakabandika, ikatoka duet ya mapenzi. Ikauza. Kwahiyo ukiniambia kumpa kotabeki maiki ni kituko nitakuonyesha vituko.

Upande B nao, CHALI. Huyo ni Charley Pride, na hapo nilipochimba nikajua kumbe kaseti ile yote ilikuwa ya watu wa besiboli. Pride alizaliwa 1934 Sledge, Mississippi, wakulima wa pamba, akawa mrushaji kwenye ligi za weusi, Memphis Red Sox, Birmingham Black Barons. Kuna wakati timu yake moja ilimuuza yeye na mwenzake ili ipate hela ya basi lililotumika. Wachezaji wawili kwa basi bovu! Baadae kaenda Montana, kiwanda cha kuyeyusha madini, kiwanda kina timu, analipwa dola 10 kwa mechi, meneja kumsikia anaimba akamuongezea dola 10 nyingine aimbe dakika kumi na tano kabla mpira haujaanza, na watu wakaanza kuja mapema. Ile albamu yote ya 1996 imejaribu kufanya kitu ambacho yule meneja wa Montana alikipata kwa dola 20 na mtu mmoja.

Lebo ya RCA walipomtoa, mwanzoni mwa 1966, walituma santuri zake redioni bila picha, maana mwimbaji mweusi wa kantri, kusini, miaka ile, wangezitupa. Wakazipiga wakazipenda kabla hawajajua. 1971 akawa mburudishaji bora wa mwaka wa kantri. Nilipompigia baba simu nikamwambia Chali ni mtu mweusi akakaa kimya. Kaseti haikuwa na kava. Miaka karibu arobaini anaimba na mtu anamuona kichwani kavaa kofia ya ng'ombe na ndevu nyekundu. "Kwahiyo tulikuwa tunafanana," akasema. Nikamwambia ndio baba. "Na sauti nilikuwa naikaribia ile." Hapo sikujibu.

Sasa na Bradshaw nikamtumia. Niliweka simu karibu na spika ya gari nikarekodi kipande cha kolabo nikamtumia WhatsApp, nikaandika baba shikamoo, huyu wa pili ni mchezaji mpira, sikiliza. Kesho yake voisi ikaingia, jogoo nyuma, pikipiki inapita.

"Marahaba mwanangu. Huyu wa kwanza ni Glen. Huyu wa pili anaimba kama mimi." Kimya kidogo. "Alikuwa anacheza namba ngapi?"

Nikaanza kumweleza futiboli ya Marekani kwa voisi, na kama hujawahi kumweleza golikipa wa daraja la mkoa kwamba kuna mpira unaoitwa wa mguu ila unashikwa kwa mikono, mrefu kama papai, na timu ina watu wa kushambulia tofauti na wa kukaba, wanatoka wote wanaingia wengine, usijaribu ukiwa umetoka kazini. Mwisho nikachoka nikasema baba, jezi yake ilikuwa namba 12.

"Kumi na mbili?" Akacheka mpaka kikohozi. "Kumi na mbili ni golikipa wa akiba, huyo alikuwa benchi. Ndo maana kapata muda wa kuimba."

Nikamwambia alibeba makombe manne. Nikamwambia anashika mpira kwa mikono anarusha mbali, ndo kazi yake. Hapo sauti ikabadilika. Akasema mtu wa mikono basi. Nikasema ndio. Nikaona ndo nafasi, nikamweleza na ya Jim, yote, mrushaji, Cardinals, ule mshipa wa mguu, redio. Voisi ya dakika sita, naongea ndani ya gari kama mhubiri.

Tiki mbili za bluu. Hajajibu siku hiyo. Kesho yake hajajibu. Siku ya tatu nikaanza kuwaza bando limeisha au vipi, nikataka kumpigia mdogo wangu, ikaingia saa tisa usiku ya huku nikiwa ghalani natembeza mapaleti, nikaweka sikioni.

"Jim alikuwa anarusha mkono gani?"

Nikaandika: kulia.

"Nilijua." Halafu nikasikia kitu kinawekwa mezani, nadhani miwani, akasafisha koo, akaanza ule wimbo wa kwanza wa upande A, polepole, maneno yake yale yale. Kaseti ilishakufa zamani kwahiyo Jim hayupo, ni yeye tu. Kwa mbali namsikia mama anasema kitu sijakipata. Baba kaendelea, na pale kwenye kushuka nilisikia kabisa anapunguza mwendo, nikaona kidevu kile, ila nadhani kidole kiliteleza kwenye kitufe, voisi ikakatika kabla hajafika chini.